Damu yako ni hasi na una mimba: hatua za kufuata, kuanzia kipimo cha kwanza hadi saa 72 baada ya kujifungua

Katika kadi ya kliniki ya mama mjamzito kuna nafasi fupi ya kundi la damu. Wengi husoma herufi tu, A, B, AB au O, kisha wanapita. Alama inayofuata herufi hiyo ndiyo yenye uzito kwa mtoto wa pili, wa tatu na wa nne. Ikiwa kadi yako imeandikwa "Rh hasi" au ina alama ya kutoa baada ya herufi, mwongozo huu ni wako. Ni wa mumeo pia, na wa yeyote atakayekusindikiza siku ya uchungu.

Kwanza tuondoe hofu moja. "Hasi" hapa haina uhusiano wowote na kipimo cha virusi vya Ukimwi, wala si ugonjwa. Maana yake ni kwamba seli zako nyekundu hazina chembe moja iitwayo D, ambayo watu wengi wanayo. Kwetu Afrika Mashariki wasio nayo ni wachache, chini ya watu 10 katika kila 100, wakati Ulaya ni kama 15 katika 100. Uchache huo ndio unaoleta taabu: sindano ya kinga, iitwayo Anti-D, haipatikani katika kila duka la dawa, damu ya kuongezewa ni haba, na hata mhudumu mzuri anaweza kukaa miezi bila kumwona mama wa namna hii, akasahau utaratibu.

Tatizo linavyoanza

Mtoto akirithi chembe D kwa baba, damu yake ni chanya ndani ya tumbo la mama mwenye damu hasi. Kwa kawaida damu hizo mbili hazichanganyiki. Lakini kondo la nyuma linapobanduka wakati wa kujifungua, matone ya damu ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama huiona chembe D kama mgeni na huanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na kufikia hapo mtoto ameshazaliwa. Ndiyo maana mtoto wa kwanza mara nyingi hutoka salama.

Mimba inayofuata ndiyo inayoumia. Kingamwili zile hazisahau. Zikikutana tena na mtoto mwenye damu chanya hupita kwenye kondo na kuzivunja seli zake nyekundu. Mtoto hupungukiwa damu, huvimba mwili, na anaweza kufia tumboni. Akizaliwa hai, huweza kuwa na umanjano mkali unaopanda siku ileile.

Bila kinga yoyote, karibu mama 16 katika kila 100 wenye damu hasi waliozaa mtoto wa damu chanya hutengeneza kingamwili hizo. Sindano ya Anti-D ikitolewa baada ya kujifungua hushusha idadi hiyo hadi mama 1 au 2. Ikiongezwa nyingine wiki ya 28, hushuka chini ya 1. Lakini sindano hii huzuia tu, haitibu. Kingamwili zikishakuwepo hakuna sindano ya kuzifuta, kwa hiyo kila hatua hapa chini inahusu kuwahi.

Neno kwa familia: damu hasi haimzuii mwanamke kushika mimba, na mimba nyingi zinazotoka ndani ya miezi 3 ya kwanza hazisababishwi nayo. Kusema "damu zenu hazipatani" na kumrudisha mke kwao ni dhuluma kwa jambo ambalo sindano moja kwa wakati wake huweza kulizuia.

Hatua ya 1: pima mapema, kisha rudia

Kipimo hufanyika kwa dakika chache. Mtaalamu wa maabara huweka matone 3 ya damu kwenye kigae cheupe, kisha huongeza dawa 3: ya bluu ya kutambua A, ya njano ya kutambua B, na isiyo na rangi ya kutambua D. Huchanganya kwa kijiti na kukitikisa kigae taratibu. Tone likigandana vipande kama maziwa yaliyokatika, chembe hiyo ipo. Tone la D likibaki laini, damu ni hasi.

Makosa hutokea hapo hapo. Dawa ya D ikikaa kwenye joto huharibika, na damu chanya ikasomeka hasi. Tone likiachwa hadi likakauka kingo, mkauko huonekana kama mgando, na damu hasi ikasomeka chanya. Kosa hili la pili ni baya zaidi, maana mama hatapewa sindano anayoihitaji. Kwa hiyo kila jibu la hasi lirudiwe kwa damu mpya, na ikiwezekana kwa njia ya mirija ya kioo. Jibu likitofautiana na la mimba iliyopita, usikubali lifutwe tu kwa kalamu. Omba upimwe upya mbele ya kadi zote mbili. Maabara ikiandika "D dhaifu", daktari aamue, na akiwa na shaka akuhesabu kama mwenye damu hasi.

Jina linachanganya pia: dawa ya maabara huitwa Anti-D, na sindano huitwa Anti-D. Mama akiambiwa "umeshafanyiwa Anti-D" aulize: nimepimwa au nimechomwa?

Kama una binti au dada, apimwe kabla hajaolewa.

Hatua ya 2: kipimo cha Coombs cha mama

Ukishajulikana kuwa hasi, swali linalofuata ni kama tayari una kingamwili. Kipimo chake ni cha Coombs cha mama; kwenye fomu huandikwa kwa kifupi ICT. Kifanyike hudhurio la kwanza na kirudiwe wiki ya 28, kabla ya sindano. Mpangilio huo ni muhimu, kwa sababu sindano yenyewe ni kingamwili: ukichomwa leo na kupimwa wiki ijayo, kipimo kitaonyesha kingamwili hafifu, na mtu asiyejua historia atadhani umeharibikiwa.

Jibu likiwa hapana, endelea na hatua ya 3. Likiwa ndiyo, na hujachomwa sindano miezi ya karibuni, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mama mwenye kingamwili.

Hatua ya 3: damu ya baba

Baba akiwa hasi kama mama, mtoto atakuwa hasi na sindano haihitajiki. Baba akiwa chanya, mtoto anaweza kuwa chanya au hasi, kwa sababu baba huweza kuwa amebeba urithi wa hasi uliojificha. Hatujui mpaka azaliwe, kwa hiyo mimba hulindwa kana kwamba mtoto ni chanya.

Damu ya baba isiwe sababu pekee ya kukunyima sindano. Pale ambapo hakupimwa, au mama ana shaka yoyote ambayo hawezi kuisema mbele ya watu, sindano itolewe. Mama ana haki ya kulisema hilo faraghani na muuguzi, na muuguzi hana sababu ya kuuliza zaidi.

Hatua ya 4: tafuta sindano kabla ya kuihitaji

Sindano hii haitengenezwi kwa kemikali. Hutokana na plasma, yaani majimaji ya damu, ya watu wanaochangia, ambao damu yao tayari ina kingamwili za D. James Harrison wa Australia alichangia damu na plasma zaidi ya mara 1,100 kati ya mwaka 1954 na 2018, mara nyingi kwa ajili hiyo. Dawa inayotegemea mikono ya watu wachache namna hiyo haiwezi kuwa rahisi wala kujaa kila mahali. Ilianza kutumika kwa mapana mwaka 1968, na bado kuna wilaya ambako mama huambiwa "haipo" siku ile ile anayoihitaji.

Kwa hiyo fanya hivi kuanzia wiki ya 20:

Uliza kliniki yako kama wanayo, nani anailipia na bei ni ngapi. Kama hawana, waulize hospitali ya wilaya au ya mkoa, kisha maduka makubwa ya dawa mjini. Andika majina ya mahali pawili na namba zao za simu nyuma ya kadi. Weka fedha yake kando pamoja na ya kanga na nauli.

Angalia boksi: iandikwe yuniti 1500, ambazo ni sawa na mikrogramu 300. Zipo pia za kiasi kidogo, na muuzaji anaweza kukupa mbili za mikrogramu 50 akidhani zinatosha. Hazitoshi kwa mama aliyejifungua. Soma tarehe ya kuisha muda.

Dawa hukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Usiigandishe, iliyoganda hutupwa. Ukisafiri nayo tumia kibebeo cha chanjo au chupa pana ya kutunzia baridi yenye barafu chini, kitambaa katikati, na boksi juu ya kitambaa ili lisigusane na barafu. Safari ya basi toka mjini hadi kijijini mchana wa jua, dawa ikiwa kwenye mkoba, ni fedha iliyopotea. Afadhali iachwe kwenye friji ya chanjo ya kituo utakachojifungulia, ikiwa na jina lako.

Hatua ya 5: wiki ya 28

Sindano moja ya yuniti 1500 huchomwa kwenye msuli wa bega au paja, kati ya wiki ya 28 na 30. Hospitali nyingine hutoa yuniti 500 wiki ya 28 na tena 500 wiki ya 34. Njia zote mbili zinakubalika. Kwa mama mnene paja ni bora kuliko tako, kwa sababu dawa ikiishia kwenye mafuta hufyonzwa polepole. Kaa kituoni dakika 20 hadi 30 baada ya kuchomwa. Maumivu pale pale na homa ndogo ni kawaida; kubanwa pumzi au kuvimba uso si kawaida, sema mara moja. Unaweza kuendelea kunyonyesha bila wasiwasi.

Si kila nchi hutoa sindano hii ya katikati ya mimba bila malipo, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 haikuifanya kuwa ya lazima nje ya utafiti. Kama fedha yako inatosha sindano moja tu, iwe ile ya baada ya kujifungua, kwa sababu wakati huo ndipo damu nyingi ya mtoto inapovuka.

Hatua ya 6: matukio yasiyosubiri

Baadhi ya mambo huchanganya damu kabla ya siku ya kujifungua. Likitokea mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na sindano itolewe ndani ya saa 72:

- kutokwa damu ukeni kuanzia wiki ya 12
- mimba kutoka au kusafishwa kuanzia wiki ya 12
- mimba iliyotunga nje ya kizazi, au mimba zabibu
- kuanguka, ajali ya bodaboda, kupigwa au kugongwa tumboni
- kuchomwa sindano ya kutoa maji ya uzazi
- daktari kumgeuza mtoto kwa mikono juu ya tumbo
- mtoto kufia tumboni

Kwa mimba iliyotoka kabla ya wiki 12 utasikia majibu mawili. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano isitolewe pale mimba inapotolewa kabla ya wiki hizo. Hospitali nyingine bado huitoa, kwa kiasi kidogo cha mikrogramu 50. Mueleze daktari tarehe ya hedhi yako ya mwisho bila kubahatisha, maana uamuzi unategemea wiki. Na kama mimba ilikutoka nyumbani ukanyamaza, sema. Wengi huharibikiwa hapo, kwenye mimba ambayo hakuna aliyejua kuwa ilikuwepo.

Sindano ya wiki ya 28 haifuti hitaji la nyingine baada ya ajali au kutokwa damu.

Hatua ya 7: chumba cha kujifungulia

Ukiingia tu wodini sema: "Damu yangu ni hasi, mtoto apimwe." Rudia zamu ikibadilika. Aliyekusindikiza alijue hilo kwa moyo, kwa sababu wewe utakuwa na kazi nyingine.

Mkunga, baada ya kufunga na kukata kitovu, achukue damu upande wa kondo. Futa kamba kwa pamba safi kwanza, kisha toboa mshipa mpana kwa sindano na bomba, uvute mililita 2 hadi 5. Usikamue kamba kama unavyokamua nguo: ule ute wa kamba ukiingia kwenye damu huigandisha na kuharibu jibu la kundi. Chupa ya kifuniko cha zambarau kwa kundi la damu na Coombs ya mtoto (kuona kama kingamwili zimeshika seli zake), chupa ya kifuniko chekundu kwa bilirubini, kemikali inayoleta umanjano. Andika "damu ya kitovu, mtoto wa" kisha jina la mama. Chupa iliyoandikwa jina la mama peke yake hupimwa kama damu ya mama, jibu likarudi "hasi", na sindano ikafutwa kwa makosa.

Mama naye achukuliwe damu baada ya kondo kutoka na kabla ya kuchomwa. Mahali penye kipimo cha Kleihauer, maabara huhesabu ni kiasi gani cha damu ya mtoto kimeingia kwake. Sindano moja ya mikrogramu 300 inatosha mililita 30 za damu ya mtoto. Upasuaji, mapacha, kondo lililotolewa kwa mkono au kondo lililobanduka mapema huweza kuvusha zaidi ya hapo, na mama akahitaji sindano ya pili.

Hatua ya 8: saa 72

Mtoto akiwa chanya, mama achomwe yuniti 1500 ndani ya saa 72. Anayechomwa ni mama. Mtoto hachomwi kamwe. Mtoto akiwa hasi, hakuna sindano. Mtoto asipopimwa kwa sababu yoyote, au akazaliwa mfu, ahesabiwe chanya.

Hesabu kwa saa. Aliyejifungua Ijumaa saa 12 jioni, mwisho wake ni Jumatatu saa 12 jioni. Katikati kuna Jumamosi na Jumapili, maabara ina mtu mmoja na duka la dawa limefungwa. Mama huruhusiwa Jumamosi asubuhi na kuambiwa "rudi Jumatatu", na Jumatatu nauli hakuna. Usitoke wodini bila jibu la damu ya mtoto. Kama jibu halipo na sindano ipo, uchomwe. Sindano iliyotolewa bila ulazima haidhuru.

Saa 72 zikipita, usikate tamaa. Uchomwe hata hivyo hadi siku ya 10, na wapo wataalamu wanaotoa hadi siku ya 28. Kinga hupungua kadiri siku zinavyopita, lakini si bure.

Aliyejifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi afike kituoni na mtoto siku hiyo hiyo. Kisigino cha mtoto kinatosha kupata tone la kupima.

Kwenye kadi iandikwe tarehe, saa, kiasi na namba ya toleo la dawa. Piga picha ukurasa huo kwa simu. Hatua zote hizi hurudiwa katika kila mimba.

Mama ambaye tayari ana kingamwili

Hapa Anti-D haina kazi tena. Kinachohitajika ni hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa uzazi, na uende mapema. Maabara hupima nguvu ya kingamwili kila wiki 4 hadi wiki ya 28, kisha kila wiki 2. Ikifika 1:16 au 1:32, kutegemea maabara, mtoto huangaliwa kwa altrasaundi inayopima kasi ya damu kwenye mshipa wa ubongo wake. Damu iliyopungua huwa nyepesi na hukimbia. Kasi ikifika mara 1.5 ya kawaida ya wiki zake, mtoto anahitaji damu akiwa tumboni. Huduma hiyo ipo katika hospitali chache. Wengi huzalishwa wiki ya 37 au 38, hata kama mambo yametulia.

Kama mtoto aliyetangulia alikufa au alibadilishwa damu, usisubiri namba zipande. Nenda ukiwa na mimba changa.

Damu ya akiba

Mwenye damu hasi aongezewe damu hasi. Tafuta watu wawili kabla ya mwezi wa tisa: kaka na dada wa tumbo moja ndio wa kwanza kupimwa, kisha uliza benki ya damu ya mkoa kama ina orodha ya wachangiaji. Lakini mama akivuja damu na hasi haipo, apewe chanya inayolingana na herufi yake. Uhai wake kwanza. Habari ya kingamwili itashughulikiwa akiwa hai.

Mtoto akishazaliwa

Mtoto wa mama mwenye kingamwili asiruhusiwe kabla ya bilirubini kupimwa zaidi ya mara moja. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura. Kwa ngozi nyeusi usitazame mashavu: bonyeza ufizi kwa kidole kilichooshwa, uachie, uangalie rangi inayobaki, tazama pia nyayo, viganja na weupe wa macho, karibu na dirisha mchana. Akigoma kunyonya, akilegea, akilia kwa sauti nyembamba kali au akipinda mgongo nyuma, bilirubini inaingia kwenye ubongo. Jua la asubuhi halitibu hali hii. Kinachotibu ni taa maalumu ya bluu, na ikizidi, kubadilishwa damu kwa damu ya Rh hasi inayolingana na ya mama pia.

Umanjano ukiisha, kazi bado. Kingamwili za mama hubaki kwa mtoto wiki nyingi zikiendelea kuvunja seli kimyakimya. Apimwe wingi wa damu kila baada ya wiki 1 au 2 hadi miezi 2, hata kama ananenepa. Akichoka kabla ya kumaliza ziwa, akatoka jasho akinyonya au viganja vikapauka, asisubiri tarehe ya kliniki.